Mama Alitembea Mle Ndani

Siku hizi ndani ya lile bwawa wanaweka viti. Nimeviona mwenyewe, siku chache baada ya kumzika mama: viti vyeupe vya plastiki, vya kukodisha kwa harusi na misiba, vimepandana mpaka vinakaribia ukingo, na juu yake mabusati yaliyokunjwa na vyuma vya mahema. Kijana aliyenifungulia mlango alinitazama nilivyochutama pale ukingoni nikipitisha kidole kwenye vigae, akaniuliza kwa Kiarabu nataka viti vingapi. Nikamwambia sitaki viti. Akauliza, basi nataka nini. Nikainuka, nikajipangusa vumbi magotini.

Harufu haipo tena. Nilikuwa nimejitayarisha kwa harufu: ile dawa ya maji inayochoma puani, mpira uliolowa, ukuta usiokauka. Badala yake palinuka vumbi na plastiki iliyopigwa na joto. Nikavuta pumzi tena na tena kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Mimi tangu nimalize sekondari nimekuwa mtu wa njiani. Nimeuza tiketi za ndege Dubai, nimesindikiza vikundi vya akina mama kwenda umra, nimekaa Mombasa, nimekaa Unguja kwa jamaa zetu, nimekaa hata kwenye miji ya baridi ambayo watu wake hawakuweza kutamka jina langu. Na kila mji nilioingia, kabla sijajua soko liko wapi, niliuliza penye bwawa la kuogelea la ndani. Kuogelea sijui. Hulipa kiingilio, nikakaa kwenye benchi na nguo zangu za njiani, nikavuta ile harufu mpaka macho yakawasha, nikaondoka. Nyinyi mliozaliwa miaka ya karibu na yangu, nadhani hamtanicheka. Katika umri huu kila mtu ana mahali pake anapopazungukazunguka.

Mama aliumia kwenye barabara ya Yiti, kijiji cha wavuvi. Wakati ule ilikuwa njia ya changarawe, inapanda majabali na kuyashuka, na baba alipenda kwenda huko asubuhi kununua samaki wakiwa ndio kwanza wanatolewa majini. Siku ile walikwenda wawili tu. Mimi nilibaki na Bibi kwa sababu nilikuwa na tetekuwanga, na mama kabla ya kuondoka alinipaka dawa nyeupe mwili mzima, akasema nimekuwa kama ukuta uliopigwa chokaa. Wakati wa kurudi gari ilipinduka kwenye kona. Baba alitoka na mchubuko kipajini. Mama alitolewa na watu, mgongo umeumia.

Tangu hapo baba aliendesha gari kama aliyebeba trei ya mayai. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mabomba kule Rusayl, na malori ya njia ile yalimpigia honi kwa nyuma mpaka mimi niliyekaa kiti cha nyuma nikaona haya. Yeye hakugeuka. Na mama, katika maisha yake yote, hata siku moja sikumsikia akiitaja ile kona.

Miguu yake haikuwa imekufa kabisa. Ukimfinya alisikia, vidole alivitikisa kidogo, na daktari akasema tuendelee kujaribu. Kwetu sisi neno hilo lilikuwa kubwa. Nyumba nzima ililala na kuamka juu yake: je, mama atasimama? Baba hakuuliza kwa mdomo, lakini kila akirudi kazini macho yake yalikwenda miguuni kwa mama kabla hayajafika usoni. Bibi, mama yake mama, aliyekuja na wanawe kutoka Unguja na kuuleta mtaa mzima wa huko ndani ya nyumba yetu ya Wadi Kabir, yeye alisema kwa sauti. Aliweka nadhiri mbele ya majirani: siku Salma wake atakapopiga hatua kwa miguu yake, atachinja, atasomesha Yasini na atalisha wanawake wa mtaa mpaka wakatae.

Na kila Alhamisi alimnywesha kombe. Nalieleza kwa ajili ya wanetu, maana hata wao siku hizi hawajui. Mwalimu huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha hutiwa maji na marashi mawaridi, sahani ikazungushwa polepole mpaka maandishi yakayeyuka, na mgonjwa akanywa mpaka tone la mwisho. Mimi nilipenda kuinamia sahani kabla maji hayajatulia, nione herufi zinavyoachia, zinavyonyooka na kujikunja zikiwa safarini kuwa maji. Nilikuwa nasoma Kurani chuoni kwa Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na ndio kwanza nimeanza kuunganisha herufi. Kuziona zikiachana kulinifurahisha zaidi.

Basi hospitali ikasema mama apelekwe bwawani, akafanye mazoezi ndani ya maji.

Jumba lenyewe halikujengwa kwa wagonjwa. Lilikuwa la vijana wa michezo, waliokuja jioni na walimu wao wenye filimbi, na maboya yao ya rangi yalirundikwa kwenye kona. Hospitali iliazima asubuhi, nyingine za wanaume, nyingine za wanawake. Kwa nje ungedhani ghala: kuta ndefu, bati, mlango wa chuma. Asubuhi za wanawake madirisha yote ya juu yalibandikwa karatasi za kaki, na mlangoni paliteremshwa pazia zito la vipande vya mpira, na nje yake alikaa mama mmoja wa Kibaluchi na tasbihi yake, na mwanamume yeyote aliyekaribia alikohoa kwanza kabla ya kumsemesha.

Baba alimbeba mama kutoka kwenye gari, akamkalisha kwenye kigari chake cha magurudumu, akamsukuma mpaka penye lile pazia. Pale alikiachia, akageuza uso kuelekea kwenye gari hata kabla pazia halijafunguliwa. Akaenda kukaa ndani ya gari, milango wazi kwa ajili ya hewa, akatungoja. Mimi niliingia kwa sababu ni mtoto wa kike na kwa sababu mama alitaka mtu wa kumshikia baibui lake.

Ndani mwanga wa jua ulipita kwenye zile karatasi ukawa rangi ya chai ya maziwa. Joto lilikuwa la jikoni. Sauti hazikukaa mahali pake. Ukisema neno huku lilikujibu kutoka kwenye bati, limenenepa. Miwani ya Sista Lili, Mhindi wa Kerala aliyekuwa akiwafanyisha mazoezi, ilishika ukungu kila dakika, na yeye aliifuta kwa pembe ya mtandio wa mgonjwa aliyekuwa karibu, na hakuna aliyemkasirikia. Aliwasemesha wote kwa Kiarabu chake kilichovunjika, akiwaita wote mama, hata wasichana.

Nilikaa kwenye benchi na baibui la mama mapajani, na kitu cha kwanza nilichokiona ni maandishi.

Chini ya maji, kutoka ukuta huu hadi ule, palikuwa na mistari minene myeusi. Leo najua ni ya kuwaongoza waogeleaji wasigongane. Lakini mimi niliona bakuli kubwa jeupe, lenye maji, na chini yake wino. Na maji yakitikisika, mistari nayo ilijikunja, ikakatika, ikaungana tena, kama inayoandikwa na kuyeyuka kwa wakati mmoja. Nikaelewa yote papo hapo. Hili lilikuwa kombe. Lile la sahani lilikuwa la kunywa, na hili, kwa sababu ugonjwa wa mama ulikuwa mkubwa, lilikuwa la kuingia mzima. Ndiyo maana madirisha yakabandikwa. Ndiyo maana watu walivua viatu.

Niliporudi nyumbani nilimwambia Bibi kwamba kule wameandika chini ya maji. Akauliza wameandika nini. Nikasema alifu, ile herufi ya kwanza ya mstari mmoja, alifu nyingi, ndefu. Bibi alikuwa anachambua mchele. Akasema alifu ndio mwanzo wa kila kheri, akaendelea kuchambua.

Majuma yalipita. Mama aliteremshwa majini kwa kiti cha chuma kilichoning'inia kwenye mkono wa mashine, amevaa gauni refu jeusi na suruali ndani, kichwa kakifunga kitambaa. Mwanzo alishika tu bomba la ukingoni, uso umekakamaa. Baadaye Sista Lili akawa anamtia mikono kwapani na kumsogeza hatua kwa hatua, akimhesabia kwa Kimalayalam, lugha ya kwao. Na kila tulipotoka, baba akimwinua kumtia kwenye gari, alimuuliza swali lile lile: vipi leo? Na mama alimjibu jibu lile lile, kwamba maji yalikuwa vuguvugu. Baba alitingisha kichwa, akawasha gari, tukaondoka kwa ule mwendo wa mayai.

Mimi nilidhani hiyo ndiyo sheria ya lile jumba. Yaliyo nyuma ya karatasi hayasemwi mbele ya wanaume. Basi na mimi mbele ya baba nilinyamaza, nikajiona mtu mzima kwa kunyamaza kwangu. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba mama hakuwa anaficha siri ya wanawake. Alikuwa anaogopa kumpa mumewe tumaini ambalo pengine angekuja kumnyang'anya.

Halafu ikaja ile asubuhi. Sista Lili alimsogeza mama mpaka katikati, maji yakimfika kifuani, kisha akarudi nyuma na kuiinua mikono yake yote miwili juu ya maji, mitupu, kama mtu anayeonesha kwamba hana kitu. Mama akabaki peke yake.

Akatembea.

Naliona mpaka leo. Nyonga ilinyanyuka kwanza, kisha goti likafuata kama lililokumbushwa, kisha mguu ukaenda mbele taratibu mno ukakanyaga alifu. Mikono aliitandaza juu ya maji kushoto na kulia, kama anayetandika shuka asitake ibaki mikunjo. Gauni lilifunguka likamzunguka. Akapiga hatua ya pili. Akapiga nyingine. Akaenda hivyo mpaka akaugusa ukuta wa ng'ambo kwa kiganja, na pale akacheka, na kicheko chake kilipanda juu ya bati kikaturudia wote, na wale wanawake wengine waliokuwa wameshika mabomba yao wakacheka naye bila kujua kwa nini.

"Unaniona?" akaniuliza kutoka kule.

"Nnakuona, mama."

Akageuka akarudi, kwa miguu yake, uso umelowa, sijui kwa maji gani.

Kisha wakamkalisha kwenye kile kiti cha chuma, mashine ikamwinua. Hapo ndipo ningeweza kusoma kama ningekuwa najua kusoma. Kadiri maji yalivyomwachia ndivyo uzito ulivyomrudia: mabega, kisha kiuno, kisha ile miguu ikaning'inia ikichuruzika, miwili, mizito, kama ya mtu mwingine aliyeiazimisha. Mimi nilidhani amechoka. Mtu aliyetembea hata mimi ningetarajia achoke.

Ndani ya gari baba aliuliza vipi leo. Maji vuguvugu, mama akasema. Lakini safari hii aliegemeza kichwa kwenye kioo akafumba macho, na mdomoni mwake palibaki kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu kabla ya Yiti.

Alipofika alilala. Nami nikaenda jikoni kwa Bibi na kumwambia mama katembea.

Bibi aliacha alichokuwa anafanya. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na alizoea kumshika mtu uso anapotaka ukweli wake. Alinishika.

"Umeona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, Bibi."

"Kashikwa na nani?"

"Hakushikwa na mtu."

Yote yalikuwa kweli. Hakuniuliza kuhusu maji, na mimi sikuona haja ya kuyataja. Mle ndani ni mle ndani. Bibi hakuwahi kufika kwenye lile jumba. Akilini mwake lilikuwa ni bafu kubwa la kuogea, mtu anakaa, anakandwa, anatolewa, kisha kwenye sakafu kavu ndiyo mazoezi. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akajiuliza mwenyewe mbona Salma hakumwambia, na akajijibu mwenyewe: anaogopa jicho. Mtu akipata neema kubwa namna hii hufunga mdomo, kwani hasadi haipigi hodi. Basi tusimuulize, akasema, tusimtie hofu. Lakini nadhiri haiwekwi kiporo.

Kesho yake baba na mama waliondoka asubuhi kwenda kumwona daktari. Gari haijafika kwenye kona, Bibi alishavaa kanga yake ya kutokea. Alikwenda kwa Bi Zuhura, Bi Zuhura akaenda kwa wengine, na kabla ya adhuhuri nyumba yetu ilikuwa imegeuka. Mbuzi alikwishachinjwa na vijana wa jirani. Sufuria kubwa ilikuwa nje juu ya mawe. Wanawake walimenya vitunguu saumu wakitaniana nani atakula kichwa na nani alikuja kwa dua na nani kwa tumbo. Mmoja alisema atamwomba Salma wacheze wote ngoma ya msewe, maana kamwacha peke yake uwanjani siku nyingi. Mwingine akamwambia na kiuno chako hicho, mgonjwa atakuwa wewe. Udi ulifuka mpaka barabarani. Mimi nilipitishwa kutoka paja hadi paja, nikatiwa halua mdomoni, nikaambiwa nieleze tena. Nilieleza. Kila nilipofika kwenye ule ukuta wa ng'ambo walipiga vigelegele, na Bibi akitikisa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake.

Yasini ilisomwa ikamalizika. Pilau ilikuwa inapaliwa makaa tuliposikia gari, na ule mwendo wake haukuhitaji kutazamwa.

Wanawake walitoka barazani, wakajipanga pande mbili, Bibi mbele na mrashi wa marashi mkononi. Mlango wa gari ulipofunguka vigelegele vilipaa. Baba aliteremka, akaduwaa. Akatutazama sote, akamtazama mbuzi aliyebaki ngozi, akatazama moshi. Kisha, kwa sababu hakujua la kufanya jingine, alifanya alilolizoea: alizunguka nyuma ya gari, akafungua buti, akatoa kile kigari.

Vigelegele havikukoma mara moja. Vilikufa kimoja kimoja, kila mwanamke alipokiona kigari. Wa mwisho alikuwa Bibi, ambaye macho yake hayakufika mbali, na ambaye aliendelea peke yake mpaka Bi Zuhura alipomshika mkono.

Baba alisimama na kigari kimefunguka nusu. Mama alikuwa bado ndani ya gari, miguu yake miwili imekaa kama alivyoiweka mtu. Alitazama ule msafara, akautazama mrashi, kisha akanitazama mimi. Sikujua wakati ule alikuwa ametoka wapi. Leo najua. Asubuhi ile daktari alikuwa amewaambia kwa upole wote kwamba maji yamefanya yote yaliyoweza kufanya. Kwamba juu ya ardhi miguu hiyo haitambeba. Kwamba wapo wengine wanaosubiri nafasi yake kwenye lile jumba. Ndiyo habari aliyokuwa ameibeba njia nzima, akaifikisha kwenye karamu yake ya shukrani.

Bibi akasema, kwa sauti iliyokuwa imeanza kujua, kwamba mtoto ndiye aliyesema Salma katembea. Bi Zuhura, mwalimu wangu, alinigeukia, akasema polepole kwamba mtoto kuzua jambo kama hili ni balaa. Nilitaka kusema niliona, lakini kigari kile pale mlangoni kilikuwa kinasema vingine, na mimi mwenyewe nilianza kuwa sijui niliona nini.

"Bi Zuhura, mwache mwanangu," mama akasema. "Hakuzua. Nimetembea, yeye alikuwepo. Mama, nadhiri yako imefika. Alhamdulillahi." Akamgeukia baba. "Nisogezee kiti, Nasor. Nnanusa pilau, na mimi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Baba akamtoa, akamkalisha, akamsukuma kati ya ile mistari miwili ya wanawake. Bibi alimmwagia marashi kichwani na mikononi, mengi yakaanguka chini. Mama alikula. Alikula kwa mkono wake, tonge kwa tonge, akasifia mchuzi, akauliza nani katia mdalasini mwingi, na wanawake nao, kwa kuona anakula, wakala. Nimeona watu wengi wakifanya mambo makubwa katika safari zangu. Sijaona linalofika tonge la kwanza alilolimeza mama siku ile.

Walipoanza kuondoka, kila mmoja akimbusu mkono Bibi kana kwamba kafiwa, nilimfuata mama chumbani. Nilimuuliza tutarudi lini kule. Akasema haturudi tena. Nikauliza kwa nini, na kule ndiko anakotembea. Alinivuta nikapanda kitandani. Alinieleza bila kunidanganya, kama wanavyostahili kuelezwa watoto na mara nyingi hawaelezwi. Alisema mle ndani maji ndiyo yaliyokuwa yakimbeba, na yeye akitia miguu yake kidogo tu juu ya kazi yao. Nikamwambia basi tuyachukue. Akasema hayachukuliki, mwanangu, hayo hukaa kwao. Nikamwambia kuhusu zile alifu. Hakucheka. Alifumba macho, kisha akasema huenda.

Aliishi na kigari mpaka alipokufa, na mimi nilikuwa mtu mzima, mji mwingine, simu mkononi. Bibi alitangulia kwa miaka mingi, kisha baba. Katika wale watatu hakuna aliyeitaja tena ile siku mbele yangu. Kwa hiyo nililobaki nalo ni hili la mwisho, lililotokea jioni ile ile, jua halijazama, sufuria bado haijaoshwa.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi ya uani. Aliniita, akanikalisha karibu naye. Akasema amesikia kwamba mama katembea. Nikasema ndiyo. Akasema yeye hakuambiwa. Kila siku aliambiwa maji ni vuguvugu tu. Nikamweleza kwamba mle ndani si mambo ya wanaume. Alikubali kwa kichwa, kama mtu aliyekumbushwa adabu. Kisha akatazama chini, kwenye mikono yake iliyokuwa juu ya usukani siku ile ya Yiti.

"Hebu nioneshe," akasema. "Alitembeaje?"

Nikasimama ukutani, kwenye upande wa jiko. Nikamwambia kwanza afikirie maji, mpaka hapa, nikajionesha kifuani. Akasema anayafikiria. Nikatandaza mikono. Nikanyanyua nyonga, nikaliacha goti lifuate, nikapeleka mguu taratibu, taratibu kuliko nilivyowahi kufanya jambo lolote utotoni mwangu. Saruji ilikuwa bado na joto la mchana. Nikapiga ya pili. Sikumtazama baba, nilitazama ukuta wa ng'ambo kama mama alivyoutazama.

"Mikono ishushe kidogo," sauti ya mama ikatoka kwenye dirisha la chumba. "Mimi niliiweka juu ya maji, sikuiinua hivyo."

Baba hakugeuka. Bega lake moja lilitikisika, akalishika kwa mkono wa pili. Nami niliishusha mikono, nikaendelea mpaka nikaugusa ukuta kwa kiganja, na pale nilikumbuka kwamba alicheka, nikacheka, kicheko kidogo cha uani kisichorudishwa na bati lolote.

"Alicheka?" baba akauliza. Hakuniuliza mimi.

"Nilicheka," mama akasema dirishani.

Baba alijifuta uso kwa kofia yake.

"Tena," akaniambia.

Nikarudi kwenye upande wa jiko, nikatandaza mikono.